Sayyid Barghash na Nyumba ya Maajabu

Ipo michezo ya mezani kutoka Ulaya, ya kuchezwa na familia nzima, ambamo kila mchezaji ni bwana mwenye karakana. Unakusanya fedha, unaajiri mafundi, unanunua mbao na chuma, kisha unashindana na wenzako kujenga vumbuzi: saa, daraja, chombo cha majini, mashine ya kuruka. Mwenye vumbuzi nyingi mwisho wa mchezo ndiye mshindi. Na upo mchezo wetu wa bao, ambao huku Buganda una ndugu yake aitwaye omweso. Safu nne, mashimo 32, kete 64, iwe umekaa barazani Unguja au chini ya mti hapa Wandegeya. Katika bao hakuna anayekuuliza umejenga nini. Swali ni umekula ngapi na umebakiwa na ngapi.

Ndugu msomaji, mtu tunayemtazama katika toleo hili angeushinda mchezo wa kwanza bila kutoka jasho. Alikuwa na meli za mvuke, reli, mtambo wa kuchapa vitabu, sarafu zenye jina lake, maji ya bomba, na jumba lililowaka taa za umeme wakati miji mingi duniani ingali inatumia mafuta. Huo wa pili ulimshinda. Na namna alivyoshindwa inatuhusu sisi wa Kampala kuliko tunavyodhani.

Sayyid Barghash bin Said alizaliwa karibu mwaka 1837, mmoja wa watoto wengi wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman aliyehamishia makao yake Unguja. Mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Katika nyumba ile jambo hilo halikuwa aibu wala kizuizi, kwani karibu watoto wote wa Sayyid Said walizaliwa na masuria, na kila mwana wa kiume aliweza kuota kiti cha baba yake. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Baba akiwa na wana wengi na sheria ya kurithi haijulikani, kila ndugu anamtazama mwenzake kama mpinzani aliyekaa upande wa pili wa bao.

Oktoba 1856 Sayyid Said alifia baharini, karibu na visiwa vya Shelisheli, akiwa njiani kurudi kutoka Oman. Barghash alikuwamo katika meli ile, kijana wa miaka kama 19, naye ndiye aliyerudi na mwili wa baba yao. Maiti ilizikwa usiku, na usiku uleule Barghash akajaribu kuikamata ngome ya mji kabla ndugu yake Majid hajapata habari. Walinzi hawakumkubali. Majid akatawala Unguja, na kaka yao Thuwaini akabaki na Oman.

Miaka mitatu baadaye alijaribu tena, safari hii akiwa na jeshi la watu nyuma yake, hasa ukoo mkubwa wa Alharthi. Mambo ya mwaka 1859 tunayajua vizuri kuliko mambo mengi ya zama zile kwa sababu aliyekuwa karani wa uasi ule alikuwa dada yake mdogo, Bibi Salme, binti wa miaka kama 15 aliyekuwa amejifunza kuandika kwa siri. Yeye ndiye aliyeandika barua za kuagiza bunduki na kuwaita machifu, na baadaye akatoa kitabu cha maisha yake. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa na askari wa Majid, dada zake walimvisha mavazi ya kike, wakamtoa gizani katikati ya kundi la wanawake, akapita mbele ya bunduki za walinzi. Alikwenda shambani kuungana na wafuasi wake. Majid peke yake hakuweza kuwatoa. Waliomsaidia ni mabaharia wa manowari ya Kiingereza. Barghash alijisalimisha, akapelekwa uhamishoni Bombay.

Hapa inafaa tusimame kidogo. Bombay ya mwaka 1859 ilikuwa na reli tangu 1853. Ilikuwa na simu ya waya, viwanda vya nguo, na bandari iliyojaa meli za moshi. Kijana aliyekulia katika majumba ya mawe ya Mtoni na jahazi za pepo za kusi na kaskazi alikaa katika mji huo karibu miaka miwili bila kazi ya kufanya isipokuwa kutazama. Mimi naamini kwamba kila alichokijenga baadaye kilianzia pale. Lakini Bombay ilikuwa na somo la pili pia: mji wenye maajabu yote hayo ulikuwa ukitawaliwa na wageni. Kama alilitafakari somo hilo wakati ule, maisha yake ya mbele hayaonyeshi.

Alirudi Unguja akanyamaza. Majid alipofariki mwaka 1870, Barghash alikalia kiti Oktoba ya mwaka huohuo, umri wake kama miaka 33. Waingereza walimkubali wakidhani miaka ya Bombay imemlainisha.

Hakuwa na wakati wa kustarehe. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, jambo ambalo wazee wa kisiwa hawakuwa wamewahi kuliona. Mikarafuu iling'olewa kwa maelfu na meli za Sultani zikavunjwa bandarini. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zimekuwa za Pemba. Serikali yenye kuishi kwa ushuru na karafuu ikajikuta mikono mitupu.

Katika hali hiyo ndipo Waingereza walipokuja na mkataba wa kufunga biashara ya watumwa. Tuseme wazi, maana magazeti yetu ya Kiislamu mara nyingine hulipita jambo hili haraka: utajiri wa Unguja ulisimama juu ya mashamba yaliyolimwa na watumwa na juu ya misafara iliyotoa bara pembe na watu. Watu hao walitoka Nyasa, Manyema, Unyamwezi, na hata kando ya ziwa letu. Mapema mwaka 1873 Sir Bartle Frere aliletwa kutoka London kumtaka Sultani atie sahihi, naye akakataa, akieleza kwamba kimbunga kimemfilisi na mkataba utamwangusha mbele ya watu wake. John Kirk, balozi wa Uingereza, alimfahamisha miezi michache baadaye kwamba manowari zitakizuia kisiwa kisiingize wala kutoa kitu. Tarehe 5 Juni 1873 alitia sahihi. Soko la Mkunazini likafungwa, na kanisa kuu la Waanglikana likajengwa papo hapo. Kufungwa kwa soko lile ni kheri isiyo na shaka. Ila ilikuwa kheri iliyoletwa kwa mzinga wa mtu mwingine, na mwenye mzinga aligundua kwamba Sultani huyu anasukumika.

Baada ya hapo Barghash alijifunga kibwebwe kujenga, na ni sehemu ya maisha yake inayopendeza kusimulia.

Mwaka 1875 alikwenda Uingereza, akapokelewa na Malkia Victoria huko Windsor, akatembezwa viwandani na bandarini. Aliporudi alikuwa mtu mwenye haraka. Alinunua meli za mvuke badala ya zile zilizozama, na baadhi zikawa zinakwenda hadi Bombay na kurudi. Moja aliiita Glasgow, ikijengwa kwa kufuata manowari ya Kiingereza ya jina hilo ambayo aliwahi kuitembelea ikampendeza. Mwaka 1877 alimpata afisa wa jeshi la majini la Uingereza, Lloyd Mathews, amfundishie askari wa kisasa. Mwaka 1879 waya wa simu uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ukafika Unguja, na habari za London ambazo zilikuwa zikichukua wiki nyingi zikaanza kufika kwa siku.

Alileta mtambo wa kuchapa, na kuanzia mwaka 1880 hivi ukatoa vitabu vya Kiarabu, hasa fiqhi ya Kiibadhi. Kazi yake kubwa ni Qamus al-Sharia, kitabu cha majuzuu mengi mno ambacho mtawala asiyependa elimu asingekigusa. Vitabu vya Unguja vilisomwa Oman na hata Afrika ya Kaskazini. Alipiga sarafu zake mwenyewe, riyali za fedha na pesa za shaba zenye mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, ambazo bado zinaonekana kwa wakusanya sarafu.

Kisha reli. Alikuwa na jumba la mapumziko Chukwani, kusini ya mji, mwendo wa kama maili 7, akataka kwenda huko kwa gari la moshi. Mwanzoni mabehewa yalivutwa na nyumbu. Baadaye akaagiza kichwa kidogo cha mvuke kutoka Uingereza. Gari la moshi likapita katikati ya minazi ya Unguja zaidi ya miaka 10 kabla reli ya Uganda haijaanza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Lakini tazama tofauti. Reli ya Uganda ilijengwa na waliotaka kuishika nchi. Reli ya Barghash ilikuwa ya kumpeleka Barghash na wakeze kubadilisha hewa.

Kitu bora kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni maji. Mji Mkongwe ulikuwa na visima vya maji ya chumvi na uchafu, na kipindupindu kiliwahi kuua maelfu ya watu mwisho wa miaka ya 1860. Barghash aliyachukua maji ya chemchemi ya Chemchem, kaskazini ya mji, akayaleta mjini kwa mfereji wa kujengwa, na watu wakayachota bure. Tajiri alichota na mtumwa alichota.

Mwaka 1883 likakamilika jumba lililompa jina hadi leo: Beit al-Ajaib, Nyumba ya Maajabu. Halikuwa la kulala watu bali la sherehe na kupokelea wageni. Lilikuwa refu kuliko nyumba zote za pwani, lenye baraza pana zilizozunguka kila ghorofa juu ya nguzo nyembamba za chuma, milango mikubwa ya kuchongwa yenye aya za Qurani zilizopakwa dhahabu, na ndilo jengo la kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme. Kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa kama nyumba nyingine za mji. Boriti za chuma zilitoka nje. Mabaharia waliona taa zake kutoka mbali kabla hawajaona nchi.

Tusidhani hata hivyo kwamba alikuwa mtu mpole aliyeshughulika na mitambo tu. Alikuwa mkali, mwenye wivu wa madaraka, na hakuwavumilia wanazuoni waliompinga. Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa, baba yake Sheikh Al-Amin Mazrui tunayemsoma leo, alimtia gerezani, naye hakutoka mpaka Sultani alipokufa. Mtawala anayechapisha vitabu vya fiqhi kwa mkono mmoja na kumfunga faqihi kwa mkono wa pili si kitu kigeni katika historia yetu.

Sasa tumtazame upande wa bara, kwa sababu huko ndiko kete zilikokuwa zikiliwa.

Misafara kutoka pwani ilikuwa imefika Buganda tangu zama za Kabaka Suna. Ahmed bin Ibrahim alifika huko mwaka 1844, na hapo ndipo Uislamu wa nchi hii unapoanzia. Muteesa alipokuwa Kabaka alifunga Ramadhani, akajenga msikiti, akajifunza Kiarabu na Kiswahili, na wajumbe na zawadi vilipita kati ya kasri yake na Unguja. Ushawishi wa Sultani ulifika mpaka hapa tulipo na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Lakini ulikuwa ushawishi wa wafanyabiashara. Hapakuwa na ngome yake, hapakuwa na liwali wake, wala barabara yake. Bendera nyekundu ilijulikana bara, ila hapakuwa na mtu aliyelipwa kuilinda.

Udhaifu huo ulionekana mapema. Mwaka 1875, wakati Barghash alipokuwa bado safarini Ulaya au ndio anarudi, Khediwi Ismail wa Misri alituma meli zikateremsha askari Kismayu na Barawa, shabaha yake ikiwa kufungua njia ya kufika huku kwenye maziwa makuu. Mtawala Mwislamu alikuwa akimnyang'anya mtawala Mwislamu mwenzake. Waliomwondoa Mmisri ni Waingereza, kwa barua tu. Barghash alishukuru. Labda angeogopa.

Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani mmoja kijana, Carl Peters, alipita Usagara na majimbo ya jirani akiwa na karatasi na chupa, akawatia machifu sahihi za kukabidhi nchi zao. Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akazipa karatasi hizo ulinzi wake. Barghash alipopata habari alifanya kila alichokuwa nacho. Alimpelekea Kaisari simu ya kupinga. Alimtuma Mathews hadi Kilimanjaro kuwapata machifu wakiri kuwa ni raia wake. Alipeleka askari bara. Mchezaji wa bao ataielewa hali hii: unapokosa mtaji, huna cha kula, unatakata, yaani unazungusha kete katika mashimo yako mwenyewe ili mkono usikae bure.

Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake zikielekeza mizinga kwenye baraza zake za chuma. Ndani ya meli mojawapo ya msafara huo alikuwamo Bibi Salme, yule karani wa mwaka 1859. Alikuwa ametoroka Unguja mwaka 1866 akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, akaingia Ukristo, akawa mjane. Wajerumani walimleta kwa hesabu zao wenyewe. Kaka yake hakukubali kumwona. Sijui simulizi nyingi za familia zenye uchungu kuliko hii: dada aliyemwandikia barua za vita akirudi ndani ya meli ya waliokuja kumpora.

Barghash alimtegemea Kirk. Wamekuwa pamoja miaka zaidi ya 10, na Kirk alikuwa akimshauri karibu kila jambo. Lakini London ilikuwa na haja ya urafiki wa Bismarck katika mambo ya Misri, na Kirk akaamriwa asiwazuie Wajerumani. Askari wote wale waliofundishwa na Mathews walikuwa na afisa Mwingereza. Waya ule wa simu ulikuwa wa kampuni ya Kiingereza. Mafundi wa meli zake walikuwa wageni. Hakuna hata kimoja katika vile vya ajabu ambacho kingeendelea kufanya kazi siku ambayo wenyewe wangesema basi.

Tume ya Uingereza, Ujerumani na Ufaransa ikaja kupima dola yake ina upana gani. Sultani hakuwa na mjumbe ndani yake. Mkataba wa Novemba 1886 ukamwachia visiwa, ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, na miji michache ya Benadir. Mengine yote hadi maziwani yakagawanywa kati ya Wajerumani na Waingereza. Mapema mwaka 1887 Wareno nao wakajichukulia ghuba ya Tungi kusini.

Mei 1887 akatia sahihi nyingine, na hii ndiyo yetu. Aliikodisha pwani ya kaskazini, pamoja na Mombasa, kwa kampuni ya William Mackinnon. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ikapewa hati ya kifalme, ikawa Kampuni ya Kifalme ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Desemba 1890 wakala wake, Kapteni Frederick Lugard, alifika Mengo na askari wachache na bunduki ya Maxim, akapewa kilima cha kupiga kambi, akajenga ngome. Ndicho kilima cha Old Kampala, ambapo leo umesimama msikiti mkuu wa taifa na ambapo wengi wetu tunapanda kusali Ijumaa. Njia ya Lugard ilianzia Mombasa, kwenye karatasi yenye muhuri wa Barghash.

Yeye hakuiona siku hiyo. Afya yake ilikuwa imeharibika. Mwanzoni mwa 1888 alikwenda Oman, kwenye maji ya moto, akitafuta nafuu, kisha akataka arudishwe nyumbani. Alifariki mwezi Machi 1888, mara tu baada ya kufika Unguja, umri wake kama miaka 51. Allah amrehemu. Ndugu yake Khalifa alirithi, na mwaka 1890 Zanzibar ikawa himaya ya Uingereza.

Vitu vyake vilikwenda kila kimoja na njia yake. Reli ya Chukwani iling'olewa. Glasgow ilikuwa bandarini tarehe 27 Agosti 1896, siku ambayo Waingereza walilipiga jumba la kifalme mizinga kwa dakika kama 40 ili kumwondoa Sayyid Khalid bin Barghash, mwanawe, aliyekaa kwenye kiti bila ruhusa yao. Ikawajibu risasi, ikazamishwa, na milingoti yake ikabaki ikichungulia juu ya maji kwa miaka mingi. Mnara uliosimama mbele ya Nyumba ya Maajabu uliharibiwa siku hiyohiyo. Nyumba yenyewe ilipona, ikawa ofisi za serikali ya Waingereza, na baada ya uhuru ikawa jumba la makumbusho. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa katika kazi ya kuikarabati, sehemu kubwa ya mbele ilianguka na kuua watu wawili.

Mfereji wa Chemchem haukuwahi kupigwa picha nyingi kama jumba lile. Uliendelea kuleta maji mjini miaka mingi baada ya taa, reli na meli kwisha, na ukipita barabara ya Bububu bado utaona mabaki yake kando ya njia.